Nasikia Kisigino

Mama alizichora kwa chaki ya ndama,
ile ya buluu ya kuwatia alama waliokwisha kudungwa sindano,
juu ya saruji ya ghala la trekta, kaskazini mwa Kansas:
nyayo tano za kwenda kinyumenyume,
kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia.
Hatua ya kwanza ndefu, ya mtu aliyekanyaga kaa.
Mbili za mwisho fupi, za mtu aliyekumbuka
kwamba nyuma yake kuna ukuta.

Mwezi mzima wa Juni Harlan hakuruhusiwa kugusa mpira.
Alirudi nyuma mikono mitupu kifuani,
kana kwamba amebeba kifaranga,
na mama kaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
buti za kiwanda cha nyama bado miguuni,
hatazami mkono.
“Nasikia kisigino,” anasema. “Tena.”

Mkono ni tarishi tu, alimwambia.
Barua huandikwa na miguu.
Nyonga ifunguke kwanza, kama lango la zizi,
bega lifuate, kiwiko kifuate bega,
kifundo cha mkono kiwe cha mwisho kupata habari.
Na ukishaachia, kidole gumba kishuke
kuelekea mfuko wa upande wa pili,
kama mtu anayeficha chenji.

Julai mpira ukaja.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, kazi yangu kudaka.
Ulinijia ukizunguka kama keekee
na vidole vyangu viwili vimepinda mpaka leo.
Mama alimrushia Harlan magunia ya mbegu miguuni
ili ajifunze kuruka kidogo, asiruke sana,
macho yabaki kule mlangoni nilikokuwa nikikata kona.
Mwenda pole hajikwai?
Huku mwenda pole hulazwa chali
na kijana wa kilo mia na ishirini
ambaye Jumapili mnakaa naye benchi moja kanisani.

Alijifunzia wapi?
Kaka zake watatu walikuwa makwotabeki, mmoja baada ya mwingine,
na yeye alikuwa nje ya seng'enge, akihesabu.
Hakuna aliyewahi kumwuliza anahesabu nini.

Ijumaa ya Oktoba, mvua ya manyunyu, taa zinavuma.
Jaribio la nne, yadi tisa, sekunde sita.
Midomo ya mama ilicheza bila sauti:
kulia, kushoto, kulia,
na hapo tope likamla Harlan mguu.
Hatua ya nne haikuwepo. Ya tano haikuwepo.
Alitupa akianguka, uzito wote nyuma,
nyonga imefungwa kama duka la siku ya maziko,
na mpira ukaenda unayumba, bata aliyepigwa risasi,
ukapita juu ya mikono ya watu wawili
ukatua kifuani mwa Dewey Strickler
aliyekuwa ameangalia upande mwingine.

Mji mzima ulipanda seng'enge.
Kocha Ballantyne alilia waziwazi.
Mama alifunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.
“Ule ulikuwa mkono,” alisema,
na hatukuongea tena mpaka nyumbani.

Usiku wa manane niliona taa ya ghala.
Nilidhani kamwamsha Harlan; lakini Harlan alikuwa akikoroma
na jezi yake yenye tope, mfalme.
Nikaenda bila viatu.

Alikuwa peke yake juu ya chaki iliyofifia,
mpira sikioni, mikono miwili,
buti zilezile.
Hakushtuka. Alinionyesha kwa kidevu: mlangoni, kata kona.
Nikakimbia.

Kulia, kushoto, kulia, kushoto, kulia.
Nilitega sikio kwa hamu mbaya ya mtoto
aliyengoja kiangazi kizima kumkamata mwalimu.

Mpira ulinifika kabla sijaamua kuinua mikono.

Sikusikia kisigino.